UZI: Kura ya chama kimoja ilikuwa kura kweli? Somo kutoka mpakani kwetu

1/ Kila wiki kwenye mijadala ya siasa naona vita ile ile. Mmoja anasema: "Enzi za chama kimoja tulichagua wabunge, mawaziri walianguka, nchi ilitulia. Hivi vyama vingi vimetuletea nini?" Mwingine anamrukia: "Ule haukuwa uchaguzi, ulikuwa mchezo wa kuigiza kama wa wakomunisti." Leo nataka kuonyesha kwamba kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, na kwamba sisi watu wa Buna tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengi. Uzi ni mrefu, chukua chai.

2/ Kanuni yetu haijabadilika: hatutaji jina la mwanasiasa, hatutaji jina la chama. Ukimtambua mtu, mtambue moyoni. Hapa tunachambua mfumo.

3/ Kwa wasiojua, Buna ni mji mdogo Wajir Kaskazini, kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Moyale. Kaskazini kuna Ethiopia, mashariki, ukivuka Mandera, kuna Somalia. Koo za huku hazikuulizwa mpaka upite wapi. Una mjomba Ethiopia, shangazi Somalia, na wewe una kipande cha Kenya. Kwa hivyo miaka ya 1980 watu wa ukoo mmoja walikuwa wanapiga kura katika nchi tatu tofauti, na nchi zote tatu zilikuwa na chama kimoja tu. Huo ndio mtihani wetu wa leo.

4/ Tuanze na asili yake. Nchi iliyoweka mfano ni Muungano wa Sovieti. Katiba yake ya 1936 iliahidi kura ya siri kwa wote. Lakini siku ya uchaguzi ulikuta jina moja kwenye karatasi. Ukikubali, huandiki chochote, unachukua karatasi na kuitumbukiza kwenye sanduku. Ukikataa, unalikata jina. Na kwa kukata unahitaji kalamu na mahali pa kujificha.

5/ Hapo ndipo ujanja ulipo. Kibanda cha siri kilikuwepo, kimewekwa pale pembeni. Lakini anayekubali hana haja nacho. Anayeingia kibandani anajitangaza mwenyewe kwamba ana neno. Kura ilikuwa ya siri kwa sheria, na ya wazi kwa macho ya watu. Ndiyo maana matokeo yalikuwa asilimia 99 na ushee mwaka baada ya mwaka. Hawakuhitaji hata kuiba.

6/ Lakini msidhani ni mfumo mmoja kila mahali. Vietnam mwaka 2021 walikuwa na wagombea 868 kwa viti 500, kwa hiyo wengine lazima wakose. Cuba Machi 2023 walikuwa na wagombea 470 kwa viti 470, hesabu ishafungwa. Zote ni nchi za chama kimoja cha kikomunisti. Kinachozifanya ziwe za familia moja si idadi ya majina. Ni kwamba kabla mwananchi hajaiona karatasi, kuna kikao kimekaa na kusema nani anafaa kuandikwa.

7/ Shikeni hilo, ndiyo hoja yangu yote: mara nyingi uchaguzi huamuliwa siku orodha inapoandikwa. Sisi huku tunakesha tukilinda sanduku, na ni sawa tulinde. Lakini mwenye kalamu ya orodha ameshapiga kura yake kabla yetu.

8/ Sasa twende kwa shangazi, Somalia. Jeshi lilichukua nchi Oktoba 1969, mwaka uliofuata likatangaza ujamaa wa kisayansi, na mwaka 1976 chama kimoja kikaundwa. Mwaka 1977 walikosana na Wasovieti kwa sababu ya vita vya Ogaden na kuwafukuza. Washauri walifunga mizigo, lakini mtindo wa uchaguzi ulibaki. Desemba 1979 walichagua Bunge la Wananchi, na Desemba 1984 wakarudia.

9/ Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 171. Wagombea walikuwa 171. Wote wamo kwenye orodha moja ya chama, na swali lilikuwa moja: orodha yote, ndiyo au hapana? Huwezi kusema huyu namtaka, yule simtaki. Ni kama uende dukani kununua sukari, mwenye duka akwambie ubebe duka zima au utoke. Matokeo rasmi mara zote mbili yalizidi asilimia 99. Juu ya hao, rais aliteua wengine sita.

10/ Sasa kwa mjomba, Ethiopia. Mapinduzi ya 1974 yaliondoa ufalme, na Septemba 1984 kikaundwa chama cha kikomunisti. Februari 1987 katiba mpya ilipigiwa kura ya maoni, na serikali ikatangaza asilimia 81 wamekubali. Mnamo Juni wakachagua bunge lililoitwa Shengo, viti 835. Septemba nchi ikabadilishwa jina kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu wa Ethiopia.

11/ Angalieni tofauti. Ethiopia kiti kimoja kingeweza kuwa na wagombea hadi watatu. Mtu wa Moyale upande wa pili wa mpaka alikuwa na cha kuchagua, kuliko shangazi wa Somalia. Lakini majina yalipendekezwa na matawi ya chama, vyama vya umma vilivyo chini ya chama, na vikosi vya jeshi. Ungeweza kuchagua kati ya watu watatu, lakini si kati ya vita na amani. Na wakati huo vita ndivyo vilikuwa vinakula vijana wao kule kaskazini. Shengo lenyewe lilikuwa likikutana mara moja kwa mwaka.

12/ Sasa turudi nyumbani. Kenya haikuwa ya kikomunisti, tena ilikuwa rafiki wa nchi za Magharibi. Redio yetu iliwasema wakomunisti vibaya. Lakini tangu chama pekee cha upinzani kilipopigwa marufuku Oktoba 1969, tulikuwa nchi ya chama kimoja kwa vitendo. Juni 1982 Bunge likaiandika katika Katiba, kifungu cha 2A. Ukitaka ubunge, pitia chama. Ukifukuzwa chamani, kiti kimeenda.

13/ Hapa nampa haki yake yule anayesema "mawaziri walianguka." Ni kweli kabisa. Uchaguzi wa Desemba 1969, karibu nusu ya wabunge waliokuwepo walipoteza viti, mawaziri wakiwemo. Jirani zetu Tanzania walianza mapema zaidi: mwaka 1965 chama kiliweka wagombea wawili kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, na baadhi ya mawaziri wakabwagwa na wanakijiji. Hayo hayakutokea Somalia. Kwa hivyo ukisema kura ya chama kimoja Kenya ilikuwa bure kabisa, unawakosea wazee waliopanga foleni juani na kumtoa mtu aliyewadharau.

14/ Lakini tuulize: walimtoa kwa kosa gani? Alipimwa kwa kisima, shule, zahanati, barabara, harambee ngapi alihudhuria. Hakuulizwa sheria gani aliiunga mkono Nairobi, kwa sababu huko hakuna upande wa pili wa kuunga. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendeka Kaskazini Mashariki wakati wa vita vya Shifta. Sasa niambie, mpiga kura wa Wajir angemwadhibu nani kwa hiyo? Angemtoa mbunge wake, angemleta mwingine wa chama kile kile, na sheria ingebaki pale pale.

15/ Mfano mzito zaidi sisi tunaubeba vifuani. Septemba 1983 nchi nzima ilipiga kura, Wajir ikachagua wabunge wake kama kawaida. Februari 1984, miezi mitano tu baadaye, wanaume walikusanywa na vikosi vya serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 iliweka idadi karibu na 1,000.

16/ Mbunge mmoja wa Wajir alisimama bungeni mwaka ule ule na kulisema. Heshima yake. Lakini alisimama kama mtu mmoja. Hakukuwa na chama kingine cha kulibeba neno lake mpaka Kisumu, Nyeri na Mombasa, na kumwambia mpiga kura wa huko: hawa waliofanya hivi, waondoeni. Alijibiwa kwa hiyo 57, basi. Na sheria ya hali ya hatari iliyowekwa kwetu Desemba 1963 iliendelea mpaka 1991. Tulipiga kura 1969, 1974, 1979, 1983 na 1988, zote chini ya hali ya hatari. Kura ilibadilisha sura, haikugusa sheria.

17/ Kisha ikaja 1988. Mlolongo. Wadogo zangu hamkuuona, hata mimi sikuuona, nimezaliwa baadaye sana. Februari 1988, katika uteuzi wa chama, karatasi iliondolewa. Mwenye kadi ya chama alikwenda kusimama nyuma ya mgombea wake, au nyuma ya mtu aliyebeba picha yake, watu wahesabiwe vichwa. Aliyepata asilimia 70 ya foleni alihesabiwa kuwa mbunge moja kwa moja, hakuna kura ya siri tena. Waliobaki ndio walikwenda kwenye sanduku mwezi Machi. Bunge la viti 188 likajazwa hivyo.

18/ Awowe wangu alikuwepo kwenye mlolongo huo. Nilipomuuliza alichagua nani, alicheka, akasema: "Mimi sikuchagua, mimi nilisimama." Wakati huo alikuwa na deni dukani, unga na sukari vya miezi miwili ya ukame. Alipofika uwanjani akamkuta mwenye duka ameshasimama kwenye foleni moja, amegeuka nyuma, anaangalia nani anakuja wapi. Awowe akaenda kusimama pale pale kwa mwenye duka. Mtu aliyemtaka moyoni alikuwa foleni ya pili, hatua kumi hivi.

19/ Nimesoma vitabu vingi chuoni kuhusu kura ya siri, hakuna kilichonifundisha kama hizo hatua kumi. Hakuna aliyempiga awowe. Hakuna askari aliyemtisha. Mwenye duka hakufungua mdomo. Sasa mrudishe kwenye kile kibanda cha Wasovieti, post ya 5. Si ni kitu kimoja? Huku kibanda kipo lakini kukiingia ni kujitangaza, kule hakuna kibanda kabisa. Nchi moja ya kikomunisti, nyingine inawalaani wakomunisti kila jioni redioni. Macho yanayokutazama hayaulizi itikadi.

20/ Na hata foleni yenyewe ililalamikiwa. Sehemu nyingi watu walisema foleni fupi ilitangazwa mshindi na ndefu ikashindwa. Utathibitisha vipi? Karatasi unaweza kuhesabu upya. Foleni ikishatawanyika, kila mtu ameenda kwake na mbuzi wake. Viongozi wa dini walikuwa wamepinga mapema, wakisema muumini hawezi kusimama hadharani dhidi ya jirani yake kisha kesho waswali pamoja. Mwaka 1990 chama chenyewe kilizunguka nchi kusikiliza malalamiko, na Desemba mlolongo na ile asilimia 70 vikafutwa.

21/ Sasa tazameni kalenda. Januari 1991, serikali ya Somalia ilianguka kwa bunduki, wakimbizi wakavuka kuja kwetu. Mei 1991, serikali ya Ethiopia ilianguka kwa bunduki. Desemba 1991, Bunge la Kenya lilifuta kifungu cha 2A, na mwaka uliofuata tukaenda kwenye uchaguzi wa vyama vingi. Nchi tatu, chama kimoja kimoja, mwaka mmoja wa mwisho.

22/ Sisemi kura ndiyo sababu pekee, kuna njaa, madeni, kumalizika kwa Vita Baridi, na vita vya miaka mingi. Lakini ona hili. Hata Muungano wa Sovieti, walipolegeza kidogo Machi 1989, kigogo wa chama wa Leningrad alisimama peke yake kwenye karatasi na bado akashindwa, kwa sababu watu wengi walilikata jina lake. Watu walikuwa na "hapana" yao miaka yote, walikosa tu mahali pa kuiweka. Somalia hawakuwa na mahali. Waliosema "ndiyo" kwa asilimia 99 mwaka 1984, ndani ya miaka saba walikuwa wameisambaratisha nchi. Asilimia 99 ilikuwa inaficha nini?

23/ Sasa tuje leo, maana najua mnangoja. Kaunti zetu za kaskazini tuna kitu kinaitwa demokrasia ya maafikiano. Kabla ya uchaguzi wa 2013, na zaidi kabla ya 2017, wazee wa koo walikaa na kugawa viti: ugavana huku, useneta kule, ubunge kwa hawa. Vyama ni vingi, lakini orodha imeandikwa chini ya mti. Hapo nauliza: je, tumerudi post ya 7?

24/ Nataka niwe mwadilifu. Wazee wetu hawakufanya hivyo kwa uchoyo tu. Mapigano ya koo mpakani mwa Mandera na Wajir miaka ya 2012 hadi 2014 yaliua watu na kuhamisha familia. Mzee anayekaa chini kugawa viti ili watoto wasizikwe, mimi sina ulimi wa kumtukana. Koo ndogo pia husema bila maafikiano wasingepata kiti hata siku moja. Hoja hiyo ina uzito.

25/ Lakini kikao kile hakina wanawake, na vijana tumo kwa kubeba viti na kuchemsha chai. Na kuna jambo moja linalotutofautisha na mfumo wa zamani: sheria imeacha mlango wazi. Mandera 2017 wazee waliamua waliokuwa madarakani wasirudi. Baadhi yao walikataa, wakawania, na wakashinda. Ijara, Garissa, mwaka huo huo, walimchagua mwanamke kuwa mbunge wa jimbo, wa kwanza Kaskazini Mashariki. Kifungu cha 85 cha Katiba ya 2010 kinakuruhusu kuwania bila chama chochote, jambo ambalo kwa miaka mingi kabla ya hapo halikuwezekana. Baraka za wazee ni ushauri mpaka pale mtu anapoziwekea kiapo na faini. Zikifika hapo, zimekuwa kifungu cha 2A bila Bunge.

26/ Kwa hivyo ukisikia mtu anasifu au anaponda uchaguzi wowote, wa kikomunisti au wa kwetu, muulize haya manne:
– Nani aliandika orodha, na aliyeachwa nje anaweza kuingia kwa njia nyingine?
– Naweza kusema hapana bila mwenye duka kujua?
– Mbunge akimpinga mkubwa wake, anabaki na kiti?
– Matokeo yakipingwa, kuna kitu cha kuhesabu upya?
Idadi ya vyama njoo uniulize baada ya hapo.

27/ Na nyinyi mnaosema "tulitulia": mimi najiuliza, ni nani alitulia? Awowe alisimama kimya kwenye foleni asiyoitaka. Ukimtazama kwa mbali, ungesema huyu mzee ametulia sana.

28/ Naishia hapo. Kuna kitu kimoja tumerithi bila kujua: mpaka leo tunamuuliza mbunge "umetuletea nini?" na hatumuulizi "ulipiga kura gani bungeni kwa niaba yetu?" Lile swali la kwanza ni la enzi za chama kimoja. Sisemi tuliache, kisima bado tunakitaka, Buna kiangazi si mchezo. Nasema tuongeze la pili. Wazee mliokuwepo 1988, nisahihisheni nilipokosea, na mtuandikie foleni zenu zilikuwaje. Maswali wekeni hapa chini, matusi mbaki nayo kwenu.